Kuagiza trela la guzneki la kutengenezewa: jinsi ya kumpata muuzaji anayeijua kazi

Muuzaji anayeyajua matrela hutambulika kwa maswali anayouliza kabla hajataja bei. Mwambie unataka guzneki, yaani trela la shingo ndefu, ya futi 40, kisha nyamaza usikilize. Asiyejua atakutajia dola na tarehe ya kuchukua. Anayejua atataka kwanza kusikia unavuta kwa pikapu gani, unabeba nini, mzigo unapandishwa kwa winchi, kwa foklifti au unapanda wenyewe kwa magurudumu, unapita majimbo gani, na leseni yako ni ya daraja gani. Trela la oda, chuma chake kikishakatwa, halina pa kurudi. Makosa yanayojitokeza baadaye, kama shingo kugonga ukingo wa bodi la pikapu, ekseli kuzidiwa, au kibandiko cha uzito kukudai leseni usiyo nayo, hula pesa nyingi kuyarekebisha, na mengine hayarekebishiki kabisa.

Maelezo haya ni ya Marekani, ambako matrela haya yamezoeleka na ambako wasemaji wa Kiswahili wamo kwenye kazi ya hotishoti, yaani kusafirisha mizigo ya haraka kwa pikapu nzito badala ya lori. Guzneki hufungwa kwenye tufe la chuma, kwa kawaida la inchi 2 na 5/16, lililowekwa ndani ya bodi la pikapu, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Uzito wa shingo hukaa juu ya ekseli, si nyuma ya bampa, ndiyo maana pikapu huvuta mzigo mkubwa bila kuyumba. Ndiyo maana pia pikapu na trela havipimwi mbalimbali.

Nenda ukiwa na namba zako

Huwezi kumpima muuzaji kama wewe mwenyewe huna hesabu. Peleka pikapu kwenye mizani ya malori, kama zile za CAT Scale zilizo kwenye vituo vikubwa vya mafuta, tangi likiwa limejaa, dereva ndani, tufe limefungwa na vifaa vyote unavyotembea navyo. Soma GVWR kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, yaani uzito wa juu ambao mtengenezaji ameuruhusu gari na mzigo kwa pamoja. Toa uzito wa mizani. Pikapu nyingi za tani moja zenye matairi manne nyuma zina GVWR ya paundi 14,000. Yako ikipimwa 8,700, umebakiwa na 5,300. Huo ndio uzito wa shingo ambao pikapu inaweza kuupokea, na si zaidi. Angalia pia kikomo cha ekseli ya nyuma peke yake, kimeandikwa kwenye kibandiko hicho hicho, na matairi yaliyofungwa yanabeba kiasi gani.

Sasa njoo kwenye trela. Shingo ya guzneki hupokea kama asilimia 20 hadi 25 ya uzito wote wa trela na mzigo. Trela linaloonekana sana kwenye viwanja vya wauzaji ni lile la GVWR ya 25,900 lenye ekseli mbili za paundi 10,000 kila moja. Ekseli zote mbili ni 20,000. Hizo 5,900 zilizobaki zinakaa wapi? Kwenye shingo, ambayo ni karibu asilimia 23. Kwa hiyo pikapu yenye nafasi ya 5,300 haiwezi kulijaza trela hilo kihalali, hata kama tangazo la pikapu linasema inavuta paundi 30,000. Na ukiusogeza mzigo nyuma ili kuipunguzia shingo, ukabakiza asilimia 15 tu, shingo inapokea 3,885 na ekseli zinabeba 22,015, yaani zimezidiwa kwa paundi 2,015. Mwekee muuzaji hesabu hii mezani. Akikujibu kwamba kila mtu anavuta hivyo, aga uondoke. Anayejua atakushauri ekseli za 12,000, au trela jepesi zaidi, au mzigo mdogo zaidi, na atakueleza sababu.

Namba 25,900 haikuchaguliwa ovyo. Trela lenye uzito unaozidi 26,000 linauzwa kwa mara ya kwanza likiwa na kodi ya serikali kuu ya asilimia 12, na muuzaji ndiye anayewajibika kuilipa. Muulize kuhusu kodi hiyo. Ni njia ya haraka ya kujua kama ameshauza matrela mazito au anasoma karatasi ya bei tu.

Leseni ni jambo la kulitafakari kabla ya kuagiza, si baada. CDL, yaani leseni ya udereva wa kibiashara, ya daraja A inahitajika pale uzito wa pamoja wa gari na trela unapofika paundi 26,001 au zaidi, na trela lenyewe likiwa zaidi ya 10,000. Sheria inaangalia uzito ulioandikwa au uzito halisi, wowote ulio mkubwa. Pikapu ya 14,000 na trela la 25,900 ni 39,900, hata trela likiwa tupu. Ndiyo maana wasio na CDL huagiza trela lililoshushwa uzito kwenye kibandiko hadi 12,000 au chini kidogo, ili jumla isizidi 26,000. Kushusha huko lazima kufanywe na mtengenezaji, kwa kibandiko chake. Muuzaji anayejitolea kubandika kipya nyuma ya duka anakutafutia matatizo na polisi wa barabarani na kampuni ya bima. Tena fikiria kinachobaki: trela la futi 40 lenye uzito wa 9,000 likiwa tupu, likishushwa hadi 12,000, linabeba mzigo wa 3,000 tu. Likijengwa jepesi, tuseme 7,000, unapata 5,000. Hapo urefu na uzito wa chuma huwa adui yako, na muuzaji mwaminifu atakuambia hivyo ingawa trela refu lina bei kubwa. Kumbuka pia kwamba kukwepa CDL hakukuondolei namba ya USDOT, ile ya usajili wa wasafirishaji: ukifanya biashara ya kuvuka majimbo, inahitajika kuanzia paundi 10,001 za uzito wa pamoja.

Vipimo vinne vya pikapu vichukuliwe kwa futikamba, pikapu ikiwa mahali tambarare: kutoka ardhini hadi juu ya tufe, kutoka ardhini hadi juu ya ukingo wa bodi, kutoka katikati ya tufe hadi nyuma ya kabini, na kutoka katikati ya tufe hadi mwisho wa bampa. Pikapu za siku hizi zina kingo ndefu, na kosa linalojirudia ni trela linalokaa sawa tambarare lakini shingo yake ikagonga ukingo pale pikapu inapopanda mlango wa uwanja kwa pembe. Acha angalau inchi 6 kati ya chini ya shingo na ukingo. Ukiinua kapla, kile kishikio cha shingo kinachokaa juu ya tufe, ili kupata nafasi hiyo, trela linainua pua, na kwenye ekseli zenye springi za bapa ekseli ya nyuma hubeba zaidi ya ya mbele. Matairi yake ndiyo yatakayokwisha kwanza. Pikapu yenye bodi fupi la futi 6 na nusu inahitaji uangalifu zaidi kwenye kona kali: kisanduku cha vifaa au tairi la akiba lililofungwa mbele ya shingo linaweza kufika kwenye kioo cha nyuma cha kabini.

Mahali pa kumtafuta

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni muuzaji mwenye uwanja anayewakilisha viwanda vikubwa. Anapokea oda yako na kuipeleka kiwandani. Kaskazini-mashariki mwa Texas ndiko viwanda vingi vilikojikusanya: Big Tex na Diamond C wako Mount Pleasant, Load Trail wako Sumner. Ya pili ni kiwanda kinachouza moja kwa moja kwa mteja, kama Kaufman wa Lexington, North Carolina. Ya tatu ni karakana ndogo ya wachomeleaji inayojenga trela moja moja.

Kila njia ina tabia zake. Kiwanda kikubwa kina vipuri na mtandao wa kukuhudumia ukiharibikiwa mbali na nyumbani, lakini "kutengenezewa" kwake ni kuchagua kutoka kwenye orodha: urefu, ekseli, sakafu, rampu, jeki, rangi. Ukitaka kitu nje ya orodha, muuzaji wa kawaida atasema haiwezekani. Mzuri atampigia mhandisi wa kiwanda na kukuletea jibu la maandishi. Karakana ndogo itakujengea chochote, na hapo ndipo pa kuwa macho, kwa sababu uhuru huo unaweza kuwa hauna hesabu nyuma yake. Ukienda huko, uliza nani aliyekokotoa nguvu za boriti, na kama wachomeleaji wamefaulu mtihani wa kiwango cha AWS D1.1.

Awe nani, thibitisha haya kabla ya kumtembelea. Kila mtengenezaji wa trela la barabarani lazima awe amejiandikisha NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na trela lipewe VIN, namba yake ya utambulisho, ya herufi na tarakimu 17. Tovuti ya NHTSA inakuruhusu kutafuta jina la mtengenezaji, kusoma VIN na kuona kama trela la namna hiyo limewahi kuitwa kwa marekebisho. Karakana isiyoandikishwa huuza chuma kilichochomelewa, na utakapokwenda kuomba hati ya umiliki utaambiwa ni trela la kujitengenezea nyumbani. Angalia pia kama kiwanda ni mwanachama wa NATM, chama cha watengenezaji wa matrela chenye makao Topeka, Kansas, ambacho hukagua viwanda vya wanachama kila baada ya miaka 2 na kuwapa stika ya kubandika. Stika hiyo inahusu kufuata sheria za usalama; haisemi lolote kuhusu uimara wa chuma. Majimbo mengi humtaka muuzaji awe na leseni: Texas, kwa mfano, huitoa idara ya magari ya jimbo, TxDMV, na unaweza kuikagua mtandaoni.

Bei ya chini kuliko wote, tovuti isiyo na anwani unayoweza kufika kwa gari, na muuzaji anayetaka pesa kwa uhamisho wa benki kabla hujaona VIN: mambo matatu hayo yakikutana, ni utapeli. Omba akupigie video akizunguka uwanja wake. Mwenye uwanja hakatai.

Watu wazuri wa kuwauliza ni mafundi wa ekseli na breki wanaohudumia matrela ya watu wengine, kwa sababu wao ndio wanaoona nini kinapasuka baada ya miaka 3. Waulize wanaona kazi za uwanja gani zikirudi, na kwa tatizo gani.

Mhoji, kisha uiname chini ya trela

Omba uonyeshwe trela linalofanana na unalotaka, chukua tochi na ulale chini yake. Juu kila trela jipya linang'aa. Chini ndipo kazi ilipo.

Anza na boriti mbili kuu zenye umbo la I. Muulize ni kimo gani na paundi ngapi kwa futi. Kwenye matrela ya 25,900 utasikia sana inchi 12 na paundi 19 kwa futi. Wengine hutoa paundi 22. Kwa boriti mbili za futi 40 tofauti ni paundi 240 za uzito, zinazotoka kwenye mzigo wako. Ukibeba matrekta au vyuma vinavyokaa sehemu moja, inafaa. Ukibeba magari mepesi mawili, huihitaji. Muuzaji anayekusukumia boriti nzito bila kuuliza mzigo wako anauza chuma.

Kisha mataruma, yaani vyuma vinavyokingama chini ya sakafu. Kwa kawaida ni chaneli za inchi 3. Zikipangwa kila inchi 16, trela la futi 40 lina nafasi 30. Zikipangwa kila inchi 24 lina 20 tu, na mbao zitapinda chini ya tairi la foklifti. Uliza kama mataruma yamepita ndani ya ukuta wa boriti au yamelazwa juu yake. Kupitishwa ndani hushusha sakafu kwa inchi kadhaa, jambo linalosaidia kwa mzigo mrefu na kwa kupanda rampu, lakini matundu yawe yamekatwa kwa mashine, pembe zake laini. Tundu lililokatwa kwa mkono likabaki na kona kali ndipo ufa unapoanzia.

Swali linalomtenganisha anayejua na asiyejua ni hili: ni wapi kwenye boriti hamchomelei? Ubapa wa chini wa boriti, kati ya shingo na ekseli, huvutwa kila mzigo unapokaa na kila gurudumu linapoingia shimoni. Mshono unaoukata ubapa huo kwa upana, au tundu lililotobolewa ukingoni mwake kwa ajili ya waya au kisanduku, ni mwanzo wa ufa wa uchovu. Anayejua atakuambia kwamba vishikio vyote vinafungwa kwenye ukuta wa katikati. Halafu mulika pale shingo inapokutana na boriti. Hapo ndipo nguvu zinapogeuka, na hapo unataka kuona bamba za pembe tatu za kuimarisha na mshono mfululizo wenye upana ulio sawa. Mshono wenye vitundu vidogo kama vya mkate, au wenye mfereji uliolika kandokando yake, ni kazi mbovu hata ukipakwa rangi ya aina gani.

Uliza pia kama boriti zimepindwa juu kidogo kabla ya kuunganishwa ili zinyooke mzigo ukikaa, na kama kuna bomba la kuzuia kujipinda linalounganisha boriti mbili. Kwenye trela refu, bila bomba hilo, upande mmoja ukipanda ukingo wa barabara trela zima hujisokota, na taa na mbao huanza kulegea.

Ekseli na breki. Ekseli za Dexter na Lippert hupatikana vipuri karibu popote. Ekseli isiyo na jina itakuacha ukisubiri beringi kwa posta. Ekseli ya paundi 7,000 hutumia breki za umeme za ngoma za inchi 12 kwa 2, ya 10,000 ya kawaida inchi 12 na 1/4 kwa 3 na 3/8. Ukishuka milima ya Colorado au Tennessee na mzigo kamili, uliza bei ya breki za diski zinazosukumwa na pampu ya umeme na mafuta. Pampu ya diski inatakiwa itoe shinikizo la psi 1,600. Ile ya 1,000 ni ya ngoma, na fundi aliyewahi kuichanganya ametengeneza trela lisilosimama vizuri. Sheria inataka breki kwenye magurudumu yote ya trela la uzito huu, pamoja na swichi ya dharura inayofunga breki trela likichomoka na kuzishikilia kwa angalau dakika 15. Mwombe muuzaji akuonyeshe betri yake ilipo na inavyochajiwa.

Tairi la ST235/80R16 la daraja E hubeba paundi 3,520 kwa psi 80, la daraja G hubeba 4,400 kwa psi 110. Ekseli ya 7,000 yenye tairi moja kila upande, ukiiwekea daraja E, imebakiza paundi 40 tu za akiba. Hiyo ndiyo sababu ya kupasuka kwingi kunakoonekana Julai kwenye lami ya Texas. Lipia daraja G, na uhakikishe rimu nazo zimeandikwa kuhimili psi 110.

Minyororo ya usalama ni miwili, na kila mmoja uweze kustahimili uzito wote wa trela. Mnyororo wa 3/8 wa daraja la 70 hukatika kwenye paundi 26,400, unatosha kwa 25,900. Wa daraja la chini hautoshi.

Taa na alama: trela lenye upana wa inchi 80 au zaidi na uzito unaozidi 10,000 lazima liwe na utepe mwekundu na mweupe wenye maandishi DOT-C2, na likifika futi 30 au zaidi liwe na taa na viakisi vya njano katikati ya ubavu. Kisha muulize kuhusu kinga ya nyuma ya kuzuia gari dogo lisiingie chini: inahusu matrela ya paundi 10,000 na zaidi, na ukingo wake wa chini usizidi inchi 22 kutoka ardhini, isipokuwa trela liwe kwenye makundi yaliyosamehewa. Kwenye trela lenye mkia ulioinama na rampu, ajue kulieleza lake linaangukia wapi na kwa nini.

Rangi usiichukulie kama urembo ukiendesha Ohio, Michigan au Minnesota, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi. Chuma kilichopigwa mchanga kikatolewa gamba la kiwandani, kikapakwa praima yenye zinki kisha rangi ya juu, hudumu. Rangi ya unga iliyochomwa juu ya chuma ambacho hakikupigwa mchanga hubanduka kama ganda, na kutu hutembea chini yake bila kuonekana. Sakafu ya msonobari uliotiwa dawa inatosha kwa magari. Apitong, ambayo ni mbao ngumu, inafaa kwa mashine zinazotembea kwa minyororo.

Karatasi ya oda na pesa

Kila ulichokubaliana kiandikwe kwenye karatasi ya oda: kimo na uzito wa boriti, nafasi ya mataruma, jina na uwezo wa ekseli, aina ya springi, ukubwa na daraja la matairi pamoja na la akiba, kapla na urefu wake, jeki, aina ya sakafu, hatua za rangi, GVWR itakayoandikwa, na uzito tupu unaokadiriwa. Maneno kama "ekseli nzito" au "matairi bora" yafutwe, namba zichukue nafasi yake. Karatasi hiyo ni ya Kiingereza. Usiitie sahihi siku hiyo hiyo. Ichukue nyumbani, isome na mtu anayekielewa Kiingereza cha mikataba, uirudishe na maswali. Muuzaji anayekuharakisha kwa sababu ya punguzo linaloisha leo anajua kitu ambacho hujakisoma bado.

Kianzio kilipwe kwa jina la kampuni, kwa kadi au hundi, na karatasi iseme hadi lini kinarudishwa. Kwa kawaida dirisha hilo hufungwa chuma kinapoingia kwenye ratiba ya kukatwa. Iandikwe tarehe ya kumaliza na nini kitatokea ikipita. Mabadiliko yoyote, hata ya kusogeza ndoano moja, yapite kwa maandishi na bei yake. Waranti uisome vipande vipande: fremu inadhaminiwa na mtengenezaji, ekseli na aliyezitengeneza, matairi na kampuni ya matairi. Swali la kumuuliza muuzaji ni kama yeye atakusimamia kwa wote, au atakupa namba tatu za simu, na kama ana karakana yake ya matengenezo yenye fundi wa kudumu.

Pesa ya mwisho isitoke kabla ya kuona cheti cha asili cha mtengenezaji, kinachoitwa MSO au MCO. Wauzaji wengi hununua matrela yao kwa mkopo na cheti hukaa kwa mkopeshaji mpaka deni lilipwe. VIN ya kwenye cheti, ya kwenye kibandiko na ile iliyogongwa kwenye chuma ziwe moja.

Siku ya kulichukua

Nenda mchana, na pikapu ile ile uliyoipimia. Kibandiko cha mtengenezaji kiwe ubavu wa kushoto, nusu ya mbele, kikionyesha mwezi na mwaka, GVWR, kikomo cha kila ekseli, ukubwa wa matairi na upepo wake. Kilinganishe na karatasi ya oda neno kwa neno.

Funga trela, kisha rudi nyuma hatua kumi utazame: sakafu iwe sawa na ardhi. Pima kutoka katikati ya kapla hadi ncha ya kushoto ya ekseli ya mbele, na hadi ncha ya kulia. Tofauti isizidi inchi 1/8. Kati ya ekseli mbili, umbali wa kushoto na wa kulia usitofautiane zaidi ya inchi 1/16. Ekseli iliyokaa upande hula matairi ndani ya safari chache, na ni rahisi kurekebishwa ikiwa bado uko uani. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT kwenye kila tairi, wiki na mwaka. Trela jipya lenye matairi ya miaka miwili lilikaa mahali. Chomoa pini ya swichi ya dharura na ujaribu kuvuta trela: magurudumu yagome. Jaribu taa zote injini ikiwaka, na ufuatilie waya kwa mkono, hasa panapopita kwenye kona za chuma. Pasipo na mpira wa kuulinda, waya utachubuka na fyuzi zitakatika mvua ikinyesha.

Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya toki mbele yako, kwa kipimo cha mtengenezaji wa ekseli, kisha uzikaze tena baada ya maili 10, 25 na 50. Muuzaji anayekukumbusha hilo bila kuulizwa anajali trela lake likishatoka. Breki hurekebishwa tena baada ya maili 200 za kwanza. Panga siku hiyo papo hapo kabla hujaondoka, na uulize kama ni bure.

Ukitoka, pitia mizani likiwa tupu, halafu tena na mzigo wako wa kwanza, ukisoma uzito wa ekseli ya mbele ya pikapu, ya nyuma, na za trela. Hifadhi tiketi zote mbili pamoja na karatasi ya oda. Uzito tupu ukizidi sana ule ulioandikwa, rudi wiki hiyo hiyo, kwa sababu kila paundi iliyozidi inatoka kwenye mzigo unaolipwa. Mwisho, andikisha VIN kwa mtengenezaji wa trela na wa ekseli kwa anwani unayoishi sasa, na uibadilishe kila unapohama. Barua za kuita matrela kwa marekebisho huenda kwenye anwani iliyo kwenye faili.